Mabeseni Mawili Yaliyofunikwa

Nyumba ya Wazee, Chioggia
3 Machi 2024

Dirce mwanangu,

Samaki waliopinda mgongo hawakuwa wa baba yako. Walikuwa wangu. Nililijua hilo tangu Aprili 1983, kabla hawajatiwa bwawani, na nimelificha miaka arobaini na mmoja.

Nimelitanguliza kwa sababu pumzi yangu siku hizi haifiki mwisho wa ukurasa, na nisingependa ikatike nikiwa bado kwenye salamu. Ni mimi, Tullio Penzo, wa kile kituo cha kutotolesha vifaranga wa samaki hapo Porto Casoni; yule aliyekula sima mezani kwenu kila Alhamisi, nawe ukamfichia miwani chini ya mto wa kiti. Nina miaka themanini na tisa. Ini limekwisha.

Yaliyotokea unayajua, lakini nataka yaandikwe kwa mkono wangu. Elio, baba yako, alikuwa akivua vifaranga wa samaki aina ya orata pwani kila mwisho wa baridi, wakiwa wadogo kama punje za mchele, na kuwapeleka kwa wenye mabwawa ya maji ya chumvi, kama walivyofanya baba yake na babu yake. Mwaka ule mzee Zanellato alikubali jaribio: bwawa lake litiwe nusu vifaranga wa Elio kutoka baharini, nusu wa kwangu kutoka kwenye matangi. Novemba, mtego wa matete ulipofunguliwa, kila samaki wa tatu alitoka amepinda kama mundu. Wengine hawakuwa na kifuniko cha shavu, wengine taya la chini limeingia ndani. Samaki wa namna hiyo hauziki. Nani atamweka mezani siku ya harusi? Watu wakataka kujua ni wa nani. Walikuwa wamechanganyika wote, na mtu pekee ambaye neno lake lingesikika nilikuwa mimi.

Niliandika kurasa kumi na moja. Nilisema ni wale wa baharini, kwamba walivunjwa mgongo na wavu mbaya na ndoo zilizorushwarushwa garini. Haikuwa kweli. Kifaranga wa orata, siku chache baada ya kutoka yaini, lazima apande juu ya maji ameze punje ya hewa, ndipo kibofu chake kijae. Akiikosa, hana cha kumfanya aelee. Anaogelea kichwa juu, anapiga mkia bila kupumzika, na mgongo wake ulio laini bado unapinda kwa kazi ile. Kwenye matangi yetu palikuwa na utando wa mafuta juu ya maji, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, lakini kwa kifaranga ni dari ya saruji. Mafuta yalitokana na chakula tulichowapa. Wakati ule hakuna aliyelijua jambo hili vizuri. Sisemi hivyo ili kujitetea.

Nimetia ndani ya bahasha picha moja ya eksirei, kati ya arobaini nilizopiga Aprili ile. Ishike kwenye mwanga.

Wako,
Tullio Penzo


Porto Casoni
11 Machi 2024

Daktari Penzo,

Usiniite mwanangu. Mwanao ungemwambia mapema.

Picha yako niliibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Jirani yangu Ines aliingia kuomba siki, akaitazama akasema, "Maskini, huyu anapasuliwa lini?" Nikamwambia, "Huyu ameshaliwa zamani." Tukacheka. Alipotoka nilikaa nikiitazama mpaka sufuria ikaungua.

Unaandika vizuri. Uliandika vizuri na mwaka ule, ndiyo maana nilikuamini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikishona nguo kwa Bi Armida, na ripoti yako niliisoma yote, kurasa kumi na moja. Nilipomaliza nilimtazama baba akikata mkate, nikajiuliza kwa nini alikuwa mzembe kiasi kile. Mtu aliyekuwa akilowesha mikono kabla ya kumgusa kifaranga, mpaka kijiji kizima kikamwita Mikono Mibichi. Mtu aliyeonja maji ya ndoo kwa ulimi ajue kama chumvi yake inalingana na ya bwawa. Huyo nikamwona mzembe, kwa kuwa daktari ameandika.

Chama cha wavuvi wa vifaranga kilimfuta. Unakumbuka wanavyofuta? Hawachani karatasi. Wanaacha kusoma. Kila Jumapili ya pili ya Mei, siku ya kubariki mashua, majina ya wavuvi waliokufa yanasomwa kanisani tangu yule wa kwanza, na watu wote wanaitikia, "Yupo." Baba alikwenda kubeba magunia kwenye kiwanda cha sukari, kilomita hamsini kutoka maji ya chumvi, akafa mwaka 1997. Jina lake halijasomwa hata mara moja. Kila mwaka wanatoka Mancin wanarukia Marangon, pasipo Mantovan, na mimi nakaa benchi la nyuma nikimsikia hapo katikati.

Kwa hiyo usiniombe msamaha kwa kunizunguka. Waandikie chama, na uandike sasa. Siku ya kubariki mashua ni tarehe 12 Mei, na wewe na ini lako hamna mkataba.

Dirce Mantovan


Nyumba ya Wazee, Chioggia
19 Machi 2024

Dirce,

Nimewaandikia. Nesi Loredana ameshuhudia sahihi yangu, maana mkono unaruka kama kifaranga kwenye kitambaa. Nimesema samaki waliopinda walikuwa wa kituo, na nimewapelekea picha thelathini na tisa zilizobaki. Nilikuwa nimeandika kwamba ripoti yangu ilikuwa na makosa. Nikafuta. Nikaandika kwamba ilikuwa ya uongo. Neno hilo lilinichukua siku tatu.

Kuna jingine ambalo sikukuambia. Baba yako alinitahadharisha.

Wiki moja kabla ya kuwatia vifaranga bwawani alikuja kituoni na beseni lake jeupe kwapani. Wenzangu wakaanza: "Mikono Mibichi amekuja kutufundisha kazi. Mleteeni koti jeupe." Elio alichota vifaranga wangu kama mia hivi, akatia kidole, akayazungusha maji kama anayekoroga kahawa. Wa baharini, ukiwafanyia hivyo, hugeuka wote kwa pamoja wakaukabili mkondo. Wangu walizunguka na maji. Wachache walijaribu, vichwa juu, mikia chini.

"Tullio," akasema, "hawa wanaogelea kama mlevi anayepanda ngazi."

"Ni wachanga bado. Watakomaa."

"Hata wangu ni wachanga. Usiwatie bwawani. Watupie bata."

"Elio, hii ni kazi ya miaka mitatu ya serikali."

"Basi watupie bata wa serikali."

Nilicheka. Jioni ile nikapiga zile picha, na tangu hapo sikucheka tena, lakini niliwatia bwawani hivyo hivyo. Wageni kutoka Roma walikuwa wameshaalikwa kuja kutazama. Nilijiambia huenda wangekufa wote wadogo wadogo, wakaliwa na ndege, pasiwe na wa kuhesabiwa. Hawakufa. Yule Zanellato aliwalisha vizuri mno.

Sasa umejua yote. Natumaini jina litasomwa.

Tullio Penzo


Chama cha Wavuvi wa Vifaranga, Porto Casoni
6 Aprili 2024

Dirce,

Barua ya daktari tuliisoma jana ukumbini, watu kumi na tisa. Nilizipitisha zile picha mkono kwa mkono, na wengi walivua kofia bila kuambiwa.

Mimi ningesoma jina kesho. Lakini unamjua Bepi Sarto, naye peke yake kati yetu ndiye aliyekuwepo kwenye mkutano wa 1983. Alisimama akasema: "Daktari anakufa, na mtu anayekufa hugawa kila alicho nacho, hata hatia. Mimi nilikuwepo. Elio aliulizwa mara tatu, 'Ni samaki wako?' Akanyamaza mara tatu. Miguuni alikuwa na mabeseni mawili yamefunikwa nguo, na hakuyafunua. Asiye na kosa hupiga kelele."

Nikamwambia, "Bepi, wewe hupiga kelele hata ukiwa na kosa." Watu wakacheka, ila swali lake lilibaki pale pale. Walioafiki tisa, waliokataa tisa, na mmoja alikuwa amelala.

Tumeahirisha hadi tarehe 5 Mei. Zaidi ya hapo sina uwezo. Mwezi wa sita namaliza uenyekiti, na anayekuja ni Bepi. Kama kuna mtu yeyote anayejua kwa nini baba yako alinyamaza, aseme sasa.

Nevio Tiozzo, mwenyekiti


Porto Casoni
8 Aprili 2024

Mjomba Tullio,

Nimeandika mjomba kwa mazoea ya utotoni. Sifuti, karatasi zimebaki chache.

Nakutumia barua ya Nevio uisome mwenyewe. Bepi ana ulimi mchafu, lakini ameuliza swali ambalo nimelala nalo miaka yote hii. Wewe ulisema uongo, sawa. Kwa nini yeye hakusema kweli?

Nikuambie ninayoyakumbuka kuhusu siku ile, kisha na wewe uniambie ya kwako. Ilikuwa Jumapili asubuhi, Desemba. Baba alichana nywele kwa maji, akavaa koti la harusi yake. Alikuwa na vifaranga wa kwake aliowabakiza kwenye kizimba kidogo nyuma ya nyumba, na wa kwenu aliowachota ile Aprili akawalea vilevile, walikuwa wameshafika urefu wa kidole; mimi sikuwahi kuinama kuwatazama. Aliwatia kila kundi kwenye beseni lake jeupe, akafunika kwa nguo zilizolowa, akafunga kwenye mkokoteni wa baiskeli. Mama akamwuliza, "Utasema nini?" Akajibu, "Sisemi kitu. Nitazungusha maji kwa kidole. Wenye macho wataona." Alitoka akipiga mluzi.

Alirudi saa sita. Mabeseni yalikuwa yamefunikwa vilevile. Alikwenda moja kwa moja mferejini akawamwaga wote, wazima na waliopinda, kisha akakaa na kula supu kana kwamba hakuna lililotokea. Mama alilia. Mimi nilisema, "Kumbe ni kweli." Nilisema mbele yake, Mjomba. Aliniangalia, akaomba chumvi.

Na kesho yake alifanya jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Unaikumbuka ile chupa yake ya mafuta ya zeituni yenye unyoya wa bata bukini, aliyotumia kutulizia maji apate kuona chini? Aliivunja kwenye jiwe la gati. Chupa ya babu yake. Tangu siku ile, hata alipokwenda kujitafutia samaki wawili wa jioni, aliingia majini akapapasa kwa nyayo kama kipofu. Mama alimwambia, "Tia tone moja tu uone unapokanyaga." Akajibu, "Maji yakae kama yalivyo."

Kati ya mluzi wa asubuhi na ukimya wa ukumbini kuna kilomita mbili za barabara na daraja moja. Kuna kitu kilimkuta hapo. Wewe ulikuwa ukiishi karibu na daraja. Ulimwona?

Dirce


Nyumba ya Wazee, Chioggia
15 Aprili 2024

Dirce,

Barua yako imenifikia, na chakula kimenishinda tangu juzi, ingawa hilo si geni kwa watu wa ugonjwa wangu.

Leo wametupikia orata. Wanatuletea minofu bila mifupa, weupe mtupu, ili tusikwamwe. Nilimwuliza Loredana kama ni samaki wa bwawa au wa bahari. Akasema, "Ni wa friji, Daktari." Bila uti wa mgongo mezani hakuna wa kujua alivyoishi. Nilifikiri ningekuandikia mengi juu ya hilo, lakini nimechoka.

Kuhusu swali lako, sijui. Pengine ni fahari. Baba yako hakuwa mtu wa kujieleza mbele ya watu waliosoma. Huenda aliona kwamba neno lake halitasimama mbele ya kurasa kumi na moja. Mwambie Bepi hivyo.

Ningefurahi kukuona, kama basi halikusumbui. Saa za wageni ni alasiri.

Tullio Penzo


Porto Casoni
23 Aprili 2024

Mjomba,

Nilikuja jana. Loredana alinipa kiti. Nilikaa saa nzima na dakika kumi, na muda wote huo ulijifanya umelala. Nimeuguza watu wawili mpaka mwisho wao. Mtu aliyelala hashiki shuka kama anayeshika ukingo wa mashua. Nilipotaja chupa ya mafuta, kwa sauti ya chini kabisa, kope zako ziliruka.

Sikutaka kukuamsha kwa aibu mbele ya yule mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa ameshaacha kusuka ili asikie vizuri. Kwa hiyo nakuandikia.

Ulisema, "Sasa umejua yote." Halafu ukasema, "Sijui." Hata kifaranga wa kituoni kwako angeona kwamba maneno hayo mawili hayaogelei upande mmoja.

Nami nina langu, nilitoe ili usidhani mwenye deni la kusema ni wewe tu. Mwaka 1997 walinipigia simu kutoka hospitali ya kule kiwandani. Walisema, "Njoo leo." Nilikuwa na gauni la bibi harusi kwenye cherehani. Nikajiambia nitakwenda kesho, likimalizika. Si kweli kwamba gauni lilikuwa la haraka. Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu. Sikutaka kukaa peke yangu na baba, nikaogopa kwamba angekiri. Nikaogopa ataniambia, "Ndiyo, Dirce, nilikuwa mzembe," na mimi nitalazimika kumsamehe. Alikufa alfajiri. Muuguzi aliniambia aliomba beseni la maji, akaweka mikono humo, akatulia.

Jina lake nalitaka lisomwe, ndiyo. Lakini hata lisiposomwa nitaishi. Nimezoea benchi la nyuma. Kinachonitafuna ni kingine. Nataka kujua kama ukimya wake ulikuwa wa mtu mwenye kosa. Kama ulikuwa hivyo, niambie, nitabeba. Kama haukuwa hivyo, basi nilimwacha mtu safi afe peke yake, na hilo pia nitabeba, ila nilibebe kwa jina lake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hukuniandikia Machi ili uondoke na nusu. Nevio anafungua kikao tarehe 5.

Dirce


Nyumba ya Wazee, Chioggia
2 Mei 2024

Dirce,

Loredana ananishikia ubao wa kuandikia. Nimemwomba asisome, lakini anasoma, na haidhuru, asome.

Nilikuambia mafuta yalitokana na chakula. Chakula kilikuwa na mafuta kidogo, ni kweli, na ndiyo sababu uongo ule ulisimama bila mkongojo. Mafuta yaliyowapinda vifaranga niliyatia mimi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Elio alinichukua kuvua kwa mkuki kwenye maji ya kina kifupi. Upepo ulikuwa umeyakunja maji, sikuona hata miguu yangu. Akachovya unyoya chupani, akaukung'uta mara moja, na maji yakawa kioo. Nikaona mchanga, kaa, kivuli cha samaki. Nilikuwa na shahada mbili na sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilimsumbua mpaka akanijazia chupa ndogo yangu mwenyewe, na kunitafutia unyoya.

Januari ile vifaranga wetu wa kwanza walipototolewa, pampu za hewa zilikuwa zikitetemesha maji ya matangi siku nzima. Sikuwaona. Nilitaka kuwaona, nilitaka kuwapiga picha, nilitaka mkurugenzi awaone. Nikakumbuka chupa. Matone matatu kwa kila tangi, kila asubuhi, siku tisa. Ni zile siku tisa ambazo wao hupanda kumeza hewa. Nilisimama juu yao nikifurahia jinsi walivyoonekana, wakija juu na kurudi, wakija juu na kurudi. Nilidhani wanacheza.

Nilielewa Aprili, nilipoweka zile picha kwenye mwanga moja moja na kuona kwamba hakuna hata mmoja mwenye kibofu.

Sasa daraja. Ndiyo, nilimwona. Nilimsubiri. Nilijua ana nini kwenye mkokoteni, maana Zanellato aliniambia.

Alishuka kwenye baiskeli akicheka. "Umevaa tai, Tullio. Unaoa?"

"Elio, usiyafunue hayo mabeseni."

"Kwa nini? Nimeyaosha."

"Ukiyafunua, wataona ni wangu. Na wakiona ni wangu, wataniuliza kwa nini wamepinda."

"Waambie. Mtu hukosea. Mwaka ujao utafanya vizuri."

"Ni mafuta," nikasema. "Yale mafuta yako."

Hakuelewa. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, hatua kwa hatua: hewa, utando, kibofu, mgongo. Nilikuwa mwalimu mzuri. Niliona anaelewa. Uso wake ulianza kwenda mbali.

"Ulitia kwenye matangi?" akauliza.

"Kama ulivyonifundisha."

"Mimi nilikufundisha kwenye maji ya mkondo." Akaushika usukani wa baiskeli. "Sikukuambia usitie kwenye maji yaliyofungwa?"

"Hukuniambia."

"Nilidhani nilikuambia. Wenzetu wote wanajua..."

"Mimi si mwenzenu, Elio. Mimi sikujua. Hukuniambia."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza, kama mtu anayetafuta mahali pa jeraha. Kisha akasema, "Basi nimewaua vifaranga elfu sitini kwa unyoya." Alisema hivyo, Dirce, yeye. Pale palipokuwa pamelegea alikaza kamba ya mkokoteni, akapanda baiskeli. Alikwenda ukumbini kwa sababu alikuwa ameitwa, na alinyamaza kwa sababu aliamini kwamba kosa ni lake, na hakutaka kuligawa kwa kunitaja mimi.

Swali lako limejibiwa, lakini si lote, na hiki kilichobaki ndicho nilichokifungia macho siku ile ulipokaa karibu na kitanda changu. Mpelekee Nevio ukurasa huu. Usomwe kwa sauti, na Bepi awe macho.

Aliniambia. Siku aliyonipa chupa, kabla hajaiachia, alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake uliolowa, akasema: "Kwenye mkondo tu, Tullio. Kwenye beseni kamwe. Nao wanataka kupumua." Nikasema, "Nimesikia." Nilikuwa nimesikia.

Tullio Penzo